Mtoto husafiri bure, lakini si mtu bure

Kila inapokaribia likizo ya kiangazi, Waswahili tulio Ulaya hugawanyika mafungu mawili. Wapo wanaopiga hesabu ya nauli ya kwenda nyumbani, na tupo sisi ambao nyumbani hakuendeki kwa sababu ya yale tuliyoyaandika tukiwa huko. Fungu hili la pili nalo lina watoto, na watoto hawajui siasa. Wanataka kutoka kama wenzao. Ndipo kiangazi kilichopita, mama na baba, tulipomchukua mwanetu wa miaka miwili na miezi minne, tukabeba kigari chake na mabegi mawili, tukapanda treni kutoka Ujerumani kwenda Uswisi. Tulipita Basel, tukalala Luzern, tukaenda Geneva, kisha tukazunguka miji iliyo kando ya Ziwa Leman: Lausanne, Vevey na Montreux.

Hatuandiki haya ili kujigamba kwamba nasi tumetembea. Uswisi ni ghali mno, na siku nyingi chakula chetu kilikuwa mkate, mayai ya kuchemsha na ndizi, tukila kwenye benchi mbele ya ziwa. Tunaandika kwa sababu safari ile ilituonyesha jambo ambalo tunaamini linawahusu ndugu zetu wa nyumbani kuliko linavyotuhusu sisi. Jambo lenyewe ni hili: mtoto mdogo ni abiria kamili, na chombo kisichomhesabu hakijui kimebeba watu wangapi.

Tuanze na reli. Ujerumani mtoto ambaye hajafikisha miaka sita halipi nauli, na Uswisi ni hivyo hivyo akiwa na mkubwa wake. Lakini kusamehewa nauli si kusahauliwa. Kwenye treni za kasi za Ujerumani, zile ziitwazo ICE, kipo chumba cha wenye watoto wadogo, chenye nafasi ya kuweka kigari, na humo kilio cha mtoto hakimkeri mtu. Uswisi nako, kwenye treni za ghorofa zinazokwenda masafa marefu, kuna behewa la familia ambalo ghorofani kumetengwa sehemu ya kuchezea. Hebu fikirini, wasomaji wetu: viti ambavyo vingeuzwa vimeondolewa, na mahali pake pamewekwa mchezo wa mtu asiyelipa hata senti moja. Aliyepanga hivyo si kwamba ana huruma kuliko sisi. Amekaa mezani, akajiuliza nani watapanda treni hii, na katika orodha yake mtoto alikuwemo.

Kwenye vituo vya reli hali ilikuwa hivyo hivyo. Safari nzima tulibeba kigari kwenye ngazi mara mbili tu. Hilo nalo halikutokana na ukarimu wa mtu, limetokana na sheria. Uswisi ilitunga sheria ya usawa wa watu wenye ulemavu, ikaanza kutumika mwaka 2004, na ikavipa vyombo vya usafiri wa umma miaka 20, hadi mwisho wa 2023, viwe vimerekebisha vituo na majukwaa yake. Muda ulipokwisha si vituo vyote vilivyokuwa tayari, na watu wenye ulemavu wa nchi ile wana haki ya kulalamika. Hata hivyo kilichokwisha kufanywa kinaonekana kwa macho. Njia iliyotengenezwa kwa ajili ya kiti cha magurudumu ndiyo hiyo hiyo anayopita mama mwenye kigari, mzee mwenye mkongojo na mfanyabiashara mwenye mzigo. Lausanne ni mji wa vilima vikali, lakini metro yake iliyofunguliwa mwaka 2008 inaanzia Ouchy, ufukoni kabisa, inapanda hadi juu ya mji, na sisi tuliingia na kutoka bila kukikunja kigari.

Geneva ilitugusa kwa namna nyingine. Watalii huenda kuona ule mrusho wa maji ziwani unaopanda mita zipatazo 140, na mwanetu aliupigia makofi kama wengine. Lakini kwa watu wa aina yetu, Geneva ni mji ambao karatasi zetu zilizaliwa. Hapo ndipo Julai 28, 1951 ulipopitishwa Mkataba kuhusu Hadhi ya Wakimbizi, na kifungu cha 28 cha mkataba huo ndicho kinachotupa hati ya kusafiria. Hati hiyo inaturuhusu kwenda nchi nyingi, isipokuwa ile moja ambayo tungependa mtoto wetu aione kwanza.

Mtoto naye anayo hati yake. Ina jina lake lote, tarehe yake ya kuzaliwa na picha yake akiwa amenuna kwa sababu mpiga picha alimkatalia biskuti. Zamani mtoto aliweza kuvuka mpaka kwa kuandikwa tu ndani ya pasi ya mzazi. Tangu Juni 26, 2012 nchi za Umoja wa Ulaya ziliachana na utaratibu huo: mtu mmoja, hati moja, hata awe wa mwezi mmoja. Wengi wetu tulinung'unika, maana ni gharama na ni foleni. Lakini afisa alipoingia behewani karibu na Basel, aliomba hati tatu, akazitazama nyuso tatu, akarudisha hati tatu. Mtoto anayeibwa au kupotea huwa na mahali pa kuanzia kutafutwa, kwa sababu serikali fulani iliwahi kuandika kwamba yupo.

Sasa tuje kwenye meli, maana hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Ziwa Leman lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 580, asilimia zipatazo 60 zikiwa za Uswisi na zipatazo 40 za Ufaransa. Kwa mtu aliyekulia kando ya Ziwa Victoria, lenye kilomita za mraba zaidi ya 68,000, hilo ni kama bwawa. Juu ya bwawa hilo zinatembea meli za mvuke zenye magurudumu ya ubavuni, nyeupe, zimeng'arishwa shaba kama sinia la harusi. Iitwayo Montreux ni ya mwaka 1904. La Suisse ni ya 1910. Ni wazee kuliko babu zetu, na bado zinapakia watu kila siku ya kiangazi.

Siku tuliyopanda Ouchy kwenda Vevey watu walikuwa wengi, maana jua lilikuwa kali na ilikuwa Jumapili. Mlangoni alisimama baharia ameshika kidude kidogo cha kuhesabia, kile cha kubonyeza kwa dole gumba. Tulipopita alibonyeza mara tatu. Baba, mama, na yule aliyelala ndani ya kigari. Mtoto hakuwa na tiketi, na hakuna aliyemdai tiketi. Lakini alibonyezwa kama alivyobonyezwa mzungu mnene mwenye kofia aliyekuwa mbele yetu. Tulipouliza kama kuna jaketi la kujiokolea la mtoto wa umri ule, baharia hakutushangaa. Alifungua sanduku, akatuonyesha.

Kwa faida ya wasiojua, jaketi la mtu mzima halimwokoi mtoto. Akitumbukia, jaketi linabaki juu na yeye anachomoka chini, kwa sababu kifua chake ni chembamba na kichwa chake ni kizito kulinganisha na mwili. Ndiyo maana mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, umegawa majaketi mafungu matatu: ya wakubwa, ya watoto wa kilo 15 hadi 43, na ya wachanga walio chini ya kilo 15. Mkataba huo unazitaka meli za abiria ziwe na majaketi ya watoto kwa idadi isiyopungua asilimia 10 ya abiria, au zaidi ikibidi, ili kila mtoto apate lake. Mwanetu ana kilo 13. Kwa sheria hiyo yeye bado ni mchanga. Ni kweli SOLAS ni ya meli za baharini zinazokwenda nchi hadi nchi, haizungumzii vivuko vya ziwani. Lakini maji hayajui kusoma, na mtoto wa kilo 13 anazama Ukerewe kama anavyozama Atlantiki.

Tulitembea Vevey tukapita penye sanamu ya Charlie Chaplin inayotazama ziwa. Marekani ilimfungia mlango mwaka 1952, naye mwaka uliofuata akahamia kijiji cha Corsier, juu kidogo ya Vevey, akalea watoto wake huko hadi alipofariki 1977. Montreux nako, tangu 1996, imesimama sanamu ya Freddie Mercury, mkono juu, mgongo umeipa nchi. Wengi wanaopiga picha pale hawajui kwamba alizaliwa Unguja mwaka 1946, na kwamba familia yake iliondoka Zanzibar mwaka 1964. Tukamwambia mwanetu kwa Kiswahili: huyu naye ni mtu wa kwetu. Hakuelewa, lakini iko siku ataelewa. Ufuko wa ziwa hili umewapokea watu wengi waliofungiwa milango kwao.

Jioni ile tulimpigia simu bibi yake aliye Mwanza. Tulidhani atauliza mtoto anakula nini. Yeye akauliza: "Mwanangu, mmevuka maji na huyo mtoto? Boya mlimvalisha?" Bibi huyu haogopi kitu asichokijua. Anayajua makaburi ya Igoma.

Wapo wasomaji wetu ambao walikuwa hawajazaliwa, kwa hiyo tukumbushe. Mei 21, 1996 MV Bukoba ilizama ikitoka Bukoba kwenda Mwanza. Orodha ya abiria ilionyesha watu 443. Makadirio ya waliokufa ni zaidi ya 800. Tusome tena taratibu: waliokufa ni wengi kuliko walioandikwa. Septemba 10, 2011 ikazama MV Spice Islander kati ya Unguja na Pemba. Ilisajiliwa kubeba watu wapatao 600, na tume iliyochunguza ikasema waliokuwemo walizidi 2,000. Septemba 20, 2018, Alhamisi, kivuko cha MV Nyerere kikapinduka kikiwa kinakaribia Ukara, watu wa kisiwani wakiona kwa macho yao. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa ni zaidi ya 220.

Katika misiba yote mitatu, swali la kwanza lililokosa jibu lilikuwa jepesi kuliko yote: walipanda wangapi? Na katika swali hilo walikuwemo watoto wa mgongoni, wa mapajani na wa kushikwa mkono, ambao kwa desturi yetu hawakatiwi tiketi. Asiyekatiwa tiketi hana jina. Asiye na jina hatafutwi; anatafutwa na mama yake tu, na mama yake akiwa amezama naye, hatafutwi na mtu.

Tutaambiwa kwamba Ulaya wana pesa. Hilo kweli, lakini dole gumba la baharia halikununuliwa na Benki ya Dunia. Kuhesabu watu hakuhitaji mkopo. Tutaambiwa pia kwamba vyombo vyetu ni vizee. MV Liemba ya Ziwa Tanganyika iliundwa Ujerumani mwaka 1913, miaka mitatu tu baada ya La Suisse. Uzee wa chombo siyo hukumu ya kifo. Kinachoua ni kutokitunza na kukijaza.

Na tutaambiwa, kama tunavyoambiwa kila baada ya maziko, kwamba ajali haina kinga na hiyo ni kazi ya Mungu. Sisi ni watu wa imani na hatubishani na kudra. Lakini Mungu hakuuza tiketi zaidi ya uwezo wa kivuko. Ulaya nao walipata msiba wao. Septemba 28, 1994 meli iitwayo Estonia ilizama katika Bahari ya Baltiki na kuua watu 852, idadi isiyo mbali na ya MV Bukoba iliyokuja kuzama miaka miwili baadaye. Mwaka 1998 Umoja wa Ulaya ukapitisha agizo kwamba kabla meli ya abiria haijang'oa nanga, wote waliomo wahesabiwe, na kwa safari ndefu waandikwe majina, wakitajwa mkubwa, mtoto na mchanga. Mchanga ametajwa katika sheria. Wao walizika, wakaandika sheria, wakaisimamia. Sisi tulizika, tukaunda tume, tukajenga mnara, na baada ya miaka 15 tukazika tena.

Tuwe waadilifu lakini, maana safari hii ilituonyesha na upande wa pili. Katika siku zile zote Uswisi, hakuna abiria hata mmoja aliyetuambia "nipe mtoto nikupakatie." Mwanetu alipolia katika behewa la kawaida, mzee mmoja alituwekea kidole mdomoni kana kwamba kilio kina swichi. Kwetu, mama akipanda daladala na mtoto, kabla hajashika bomba mtoto amekwisha kupokewa, amefutwa kamasi na amepewa karanga na mtu ambaye hawajawahi kuonana. Kwa kifupi, kwetu watu wanampenda mtoto lakini vyombo havimjui. Huku vyombo vinamjua mtoto, lakini watu wanaogopa kumgusa. Mtu angetuuliza tuchague, tungesema tunataka yote mawili, na sisi ndio wenye nafasi nzuri ya kuyapata, kwa sababu upendo haufundishwi kwa agizo la serikali, bali kuhesabu kunafundishika kwa siku moja.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

Kwanza, kila mtoto apewe tiketi. Nauli iandikwe sifuri, lakini tiketi iwepo na iwe na jina. Siku hizi tiketi za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zinaandikwa majina; utaratibu huo ushuke hadi kwenye kivuko kidogo kabisa cha kisiwani, na umguse hata mtoto wa mgongoni.

Pili, uwezo wa chombo uandikwe kwa rangi mlangoni, kwa Kiswahili, kwa tarakimu kubwa, na idadi ya waliopanda itangazwe kwa kipaza sauti kabla ya kuondoka. Abiria wakisikia 180 na ukutani pameandikwa 101, kila mtu atajua la kufanya.

Tatu, majaketi ya watoto yawepo, na wakaguzi wayaone kwa macho yao siku ya gulio, siyo siku waliyotoa taarifa ya kuja. Hii ihusu na meli mpya. MV Mwanza iliyoshushwa majini Februari 2023 imetajwa kubeba abiria 1,200. Asilimia 10 ya hao ni 120. Waandishi wenzetu mlioko Mwanza, ulizeni kama majaketi madogo 120 yamo.

Nne ni letu sisi wa nje. Tunatuma nauli kila Krismasi na kila Idi ili ndugu wasafiri. Tukituma, tusiishie kuuliza kama pesa imefika. Tuulize wamepanda chombo gani, kilikuwa na watu wangapi, na mtoto alivaa nini. Mzazi akiona chombo kimejaa, ashuke, na sisi tusimlaumu kwa kupoteza nauli, tumtumie nyingine. Nauli ya kivuko haifiki hata bei ya kikombe cha kahawa cha Geneva.

Mwanetu hajaliona Ziwa Victoria. Iko siku milango itafunguka na tutampeleka, akiwa mkubwa wa kulipa nauli yake mwenyewe. Tungependa siku hiyo ayakute maji yale mapana, samaki wale, na bibi yule, kama Mungu atampa uhai, na akute mlangoni mwa kivuko mtu amesimama akihesabu vichwa, vikubwa na vidogo. Mtoto asafiri bure, ni jambo jema. Ila asiwe mtu bure.

Hayo ndiyo maoni yetu.